Chanzo cha Kumi na Mbili

Mama,

Nisamehe, nakuandikia kwa Kiswahili. Kijaluo nakisema vizuri, wewe unajua, lakini kukiandika hakuna aliyenifundisha, na nikijaribu maneno yanatoka vilema. Sitaki ucheke huko uliko. Basi nivumilie, ingawa mimi ndiye mtu wa mwisho anayestahili kukuomba uvumilie Kiswahili.

Habari za nyumbani kwanza, maana hukupenda mtu aingie na shida zake kabla ya salamu. Hii ni wiki ya saba tangu uondoke. Baba anakula, lakini anakula kwa sababu watu wanamtazama. Siku hizi anajipigia pasi mwenyewe, na shati la bluu ameshaliunguza kola. Mama Achieng', jirani yako wa kuanika samaki ufukweni, bado anaanika upande wake tu. Chanja yako ya kuanikia imekaa tupu. Juzi mwanamke mmoja mgeni alitaka kutandaza omena yake pale, yawa, alifukuzwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Bado wanakuita Nyar Sondu, binti wa Sondu, kana kwamba uliolewa jana, mtu wa mtoni aliyekuja kufundishwa mambo ya ziwa na mama mkwe. Ulijifunza ukawapita wote, na wao wenyewe walilisema hilo kaburini.

Sasa shida yangu. Ijumaa natakiwa kupeleka ile kazi ya chuo. Unaikumbuka? Nilikueleza jikoni ukichagua mchele. Kabla ya kuandika utafiti, unapeleka orodha ya vyanzo vyako, karatasi na vitabu na watu, na chini ya kila chanzo unaandika maneno machache: kinasema nini, aliyesema ana ujuzi gani, kimepungukiwa wapi, kitakusaidia vipi. Bibliografia yenye maelezo. Ulisikiliza yote bila kuinua macho kwenye ungo, halafu ukaniuliza, "Kwa hiyo mnakaa kule Bondo mnasengenya vitabu?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hadi leo nikiandika "kimepungukiwa" nakusikia.

Nina vyanzo kumi na viwili. Kumi na kimoja ni vya watu walioandika kuhusu kukausha omena, wengi wao sidhani kama waliwahi kuigeuza hata mara moja kwa mikono yao. Cha kumi na mbili ni wewe. Nimeliandika jina lako lote, hata lile la ubatizo ulilokuwa hulipendi, halafu: mkaushaji na muuzaji wa omena, Kisumu, mahojiano ya ana kwa ana. Wiki iliyopita mwalimu wangu, tunamwita Daktari, alinirudishia rasimu. Pembeni ya jina lako alikuwa ameandika kwa penseli: "Chanzo hiki hakichangii lolote. Eleza thamani yake au ondoa."

Ondoa.

Mama, siku ile sikula. Daktari hakujua kwamba umefariki, sikuwa nimemwambia. Tena si mtu mbaya. Nilisoma nilichokuwa nimeandika chini ya jina lako nikaona hata mimi ningesema hivyohivyo. Na kosa la hayo ni langu, nitalisema leo, maana sijamwambia mtu.

Siku ile ya mahojiano ningekufuata tu pale kwenye chanja, kama nilivyokufuata tangu nikiwa na miaka minne, nikiiba omena kavu na kukimbia. Lakini wapi, msomi amekuja! Nimebeba maswali yaliyochapwa. Nikakukalisha sebuleni kwenye kiti cha plastiki, nikafunga mlango ili kelele za nje zisiingie, nikaweka simu mezani irekodi. Ukasema ngoja kwanza. Ukaingia chumbani, ukatoka umevaa gauni la kanisani na mkoba umeupakata. Unahojiwa na mtoto uliyemzaa, halafu unavaa kama unaenda kumwona askofu. Nilipaswa kuacha pale pale. Sikuona kitu.

Ukafungua mkoba, ukatoa omena uliyoifunga kwenye gazeti, ukashika konzi moja ukaanza kuifinya ngumini. Nikakwambia, "Mama, weka hiyo, inapiga kelele kwenye simu." Ukairudisha taratibu. Halafu nikaongeza la pili: "Na useme Kiswahili tafadhali, sitaki kazi ya kutafsiri."

Wewe ambaye ufukweni walikuwa wakikuomba unyamaze wapate kupumua, ulinijibu kama mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya wageni. "Omena ni samaki mdogo. Tunaanika kwa jua. Ikikauka tunauza." Nikauliza mnajuaje mvua inakaribia. Ukautazama mkoba, ukasema, "Mungu ndiye anajua." Nami nikaandika hivyo. Dakika tisa, maswali yakaisha, nikasema asante Mama, nikatoka nje kupunga upepo. Jioni ukaniambia tutarudia vizuri nikija likizo. Nikasema sawa, hakuna haraka.

Hakuna haraka! Siku kumi na moja baadaye presha ilikuangusha ukiwa umeshika beseni, na nilipofika kutoka Bondo ulikuwa umeshafunikwa. Majuto ni mjukuu, ulizoea kutuambia, na sisi tulikuwa tunaitikia tu bila kusikia. Sasa amekuja, amekaa mapajani, hataki kushuka.

Jumatatu saa sita mchana nilifungua kompyuta nikuondoe. Kidole kikawa juu ya kitufe. Nikasema, aki, kabla sijamfuta mama yangu nimsikie kwanza. Tangu tukuzike sikuwa nimethubutu. Nikatoka na simu, nikakaa kwenye ngazi za maktaba, nikasikiliza yote: maswali yangu ya kujidai, majibu yako ya kuogopa. Ikafika "asante Mama". Nilipokuwa nikinakili zamani niliishia hapo. Safari hii sikuwa na nguvu ya kuizima, nikaiacha iendelee.

Kumbe simu nilikuwa nimeisahau mezani, na ilikuwa bado inarekodi.

Unasikika ukipumua, halafu mkoba unafunguka. Unaifinya tena ile omena. Kimya. Unaifinya tena. Kimya. Ghafla unaniita kwa Kijaluo, kwa sauti yako ile ya kweli, "Anua nguo, mvua!" Nami nasikika kwa mbali nikijibu kwa kiburi, mvua gani na jua lote hili. Mama Achieng' anaingia akicheka, anakuuliza ni nani kakwambia. Na wewe unamweleza, Mama. Unaeleza yote! Kwamba asubuhi ukiifinya inalia kwara kwara. Kwamba ikianza kunyamaza mkononi na jua bado linawaka, hewa imeshachukua maji, ukusanye, usingoje wingu. Kwamba mama mkwe wako alikuwa akikufunga leso machoni usitazame mbingu, akakuwekea omena kiganjani, akakuambia sikiliza. Kati ya vyanzo vyangu kumi na kimoja, hakuna hata kimoja chenye jambo hilo. Na wewe ulikuja nalo mkobani, umelifunga kwenye gazeti, nami nikakwambia uliweke linapiga kelele.

Halafu unashusha sauti. Unamwambia Mama Achieng', "Nimemharibia mtoto kazi yake. Amesoma mpaka chuo, halafu anapata mama asiyejua kujibu. Kile Kiswahili kilinikimbia." Mama Achieng' anakuambia achana nayo, mtoto atarudi muongee vizuri. Baada ya hapo mvua inapiga mabati na hakuna kinachosikika tena.

Nililia pale kwenye ngazi bila aibu. Askari wa maktaba alikuja akaniuliza kama nimefeli mtihani. Nikamwambia ndiyo.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Daktari nikamweleza kila kitu, hata kwamba umefariki. Kwao ni Nyeri, Kijaluo hajui hata salamu. Akaniambia nenda ukatafsiri, neno kwa neno, halafu uniletee. Basi nimeketi na sauti yako siku mbili, nikiirudisha na kuirudisha. Kazi ileile niliyokwambia siitaki. Mama, ningetamani isiishe.

Nimemaliza leo asubuhi, na haya ndiyo niliyoandika chini ya jina lako. Nakusomea, maana utataka kujua tumekusengenya vipi.

"Msemaji amekausha omena tangu alipoolewa, na alifundishwa na mama mkwe wake. Anaeleza namna ya kutambua mvua kwa kufinya omena kavu na kusikiliza, jambo ambalo halimo katika chanzo kingine chochote kwenye orodha hii. Utafiti wote utaanzia hapa. Upungufu: mhojaji alimnyamazisha msemaji mara mbili, kwanza mkono wake, kisha lugha yake. Maelezo yenye thamani yalipatikana mhojaji alipokuwa ametoka nje. Msemaji amefariki, na mahojiano hayawezi kurudiwa."

Sentensi ya mwisho niliiandika mara nyingi nikaifuta. Ni ya kweli, nimeiacha.

Likizo ikifika nitakwenda kwa Mama Achieng'. Nimeshampigia simu. Nikamwambia nataka anifunge leso machoni, akaniuliza kwa ukali ni nani ameniambia habari za leso. Nikamwambia ni wewe. Tukalia wote wawili kwenye simu kama wajinga. Kwenye chanja yako nitaanika mimi likizo yote, na nakuahidi kwamba yeyote atakayeniambia jambo pale atasema kwa lugha inayomtoka, akiwa amesimama anaposimama, na mikono yake ikiwa huru. Kutafsiri nitajua mwenyewe.

Lala salama, Nyar Sondu. Oriti, kwaheri, Mama. Siku ile nilikuwa nje naanua nguo kwa hasira, sikukusikia, kwa hiyo nakujibu sasa. Hukuniharibia kazi, Mama. Hukuharibu kitu.

Mwanao.