Kumpeleka Naisula Kanisani kwa Gari la Taa Moja

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Gari limezima tena, hapo tu kona ya Olasiti. Taa zikapepesa, redio ikakata, kimya. Nikasubiri dakika kumi, nikajaribu, likawaka! Sijagusa kitu. Nimefundisha fizikia miaka thelathini, sura ya umeme naijua kwa kichwa, na gari langu mwenyewe silielewi. La mwaka 1984, la spoti, viti viwili, taa za mbele zinainuka zenyewe ukiziwasha. Yaani zilikuwa zinainuka. Siku hizi inainuka ya kulia tu.

Zimebaki siku kumi na mbili harusi ifike. Naisula, mwanangu wa pekee, amekubali nimpeleke kanisani kwa gari hili, mimi na yeye tu. Kwa sharti: likizima njiani anahamia gari la shangazi yake. Alisema kwa simu, bila kucheka.

Jumatano, 4 Desemba

Ngarenaro, kwa fundi Jabiri. Anasema alteneta haichaji betri. Fundi wa banda la pili akachungulia, akasema wapi, ni waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi. Jabiri akanong'ona kwamba huyo ndiye aliyeliharibu. Hajawahi kuligusa! Nikauliza swali moja tu kuhusu mkondo wa umeme. Wote wawili wakanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, wewe kaa hapo kivulini, uletewe soda."

Nikakaa. Nikanywa. Alteneta imebadilishwa, waya wa athi nao. Nani alikuwa sahihi? Hakuna anayejua.

Jioni nimefungasha sanduku: fyuzi za kila saizi, testa, tochi, tepu, nyaya za kuboosti betri. Likizima, litazima nikiwa tayari.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya ibada dada yangu Nanyori kanibana. Umeongea na mtoto? Nikamwambia nimeweka betri mpya. Akashika kichwa.

Basi niandike, hakuna anayesoma. Mwezi wa tatu Kasaine alipoleta wazee wake kuja kuposa, niliwasalimu, nikaomba udhuru, nikatoka kufungua boneti, eti naangalia betri. Saa mbili nzima! Wakala, wakaomba, wakaondoka. Naisula alikuwa amesimama dirishani muda wote. Betri haikuwa na tatizo lolote.

Kwa nini nilifanya vile? Kijana hana baya, shikamoo yake hainipiti. Mama Naisula alifariki, sasa na binti anaondoka, nitabaki napika chakula cha sahani moja. Naogopa ile nyumba. Labda ndiyo sababu. Labda ni jeuri tu. Naona aibu mpaka leo.

Kutoka nyumbani hadi kanisani ni dakika ishirini. Zinatosha kuomba msamaha. Ila naanzaje?

Alhamisi, 12 Desemba

Nimelijaribu hadi Terrat na kurudi, mara mbili. Vumbi, mlima, mvua ya njiani — halikuzima! Na taa ya kushoto imeinuka. Nimempigia Jabiri kumshukuru. Anasema hiyo ya kushoto hakuigusa.

Jumamosi, 14 Desemba, barabarani

Limezima.

Nililijaribu kwa kila kitu isipokuwa harusi. Matarumbeta mbele kwenye pikapu, sisi nyuma kwa mwendo wa miguu, taa zote zinawaka, hazadi zinapepesa, na honi! Nikipumzika kidogo tu, Nanyori anachomoza kichwa gari la nyuma: piga honi, unamsindikiza maiti? Dakika arobaini hivyo, injini inanguruma kwa unyonge, umeme unaotoka unazidi unaoingia. Hesabu ya kidato cha pili! Na kwa kelele zile sikumwambia mwanangu neno hata moja.

Vijana wamesukuma na suti zao, mara tatu. Likakohoa, likanyamaza. Nikaenda kwenye buti kuchukua sanduku. Hakuna sanduku — ni kitambaa cha gauni tu! Nanyori alilitoa asubuhi ili mkia wa gauni, ule wa kufungwa kanisani, upate pa kukaa. Sanduku liko barazani nyumbani. Magari kumi na moja kwenye msafara, hakuna mwenye nyaya za kuboosti. Jabiri anasema yuko njiani na bodaboda. Amekuwa njiani nusu saa.

Wapiga matarumbeta wanakunywa maji. Kimya cha ajabu. Nanyori ameleta gari lake ubavuni, mlango wazi, anaita: twende mama, mchungaji anangoja.

Naisula hajashuka. Amevua viatu. Sielewi — sharti ni lake mwenyewe! Nimemwambia nenda, mwanangu. Akasema joto tu. Joto gani? Nimechukua daftari hili kwenye droo ya gari ili mikono ipate kazi. Kauliza naandika nini. Nikasema hali ya betri.

"Baba. Betri imekufa. Hali gani tena?"

Nanyori anaita mara ya pili. Naisula amefunga kioo cha upande wake. Amenyoosha mkono, anataka daftari. Sijui ataanzia ukurasa gani. Nampa