Singlendi ya Fulgensi

Nasma, nimeaibika leo shambani, sina hamu.

Si nilikwambia bwana shamba alitaka tufukie nguo kuukuu za pamba, tuone kama vijidudu wa udongoni wako hai? Mimi nilifukia singlendi mbili za Fulgensi. Aliziacha mwenyewe alipoondoka. Nikasema wamtafune!

Leo kikundi kizima kimekuja kufukua. Kwenye kipande cha shamba nilichoweka mkaa wa pumba za mpunga pamoja na mbolea, singlendi imeliwa yote, umebaki uzi wa pindo. Bwana shamba anachekelea: "Mkaa umeishika mbolea, mvua haikuisomba, vijidudu wameshiba!"

Kwenye kipande cha mbolea peke yake, singlendi imetoka nzima. NZIMA, Nasma. Mama Violeth akainyanyua juu: "Kandida, hii si ya mumeo?"

Eti si ya mumeo! Mbele ya watu wote! Wakacheka, halafu wakanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kumeniua.

Bwana shamba akaniambia niitupe.

Nimeifua. Nimeianika pale mbele ya nyumba. Mtu akipita barabarani atadhani amerudi.