Tausi alipoona picha ya lori

Mwaisha upo? Mama kanisimulia kitu hapa, nimekaa tu kama gogo.

Mwanangu alikuwa anamsomea bibi yake kitabu cha vyombo vya usafiri. Baiskeli, treni, sawa. Kwenye lori mama akafunua ukurasa haraka. Nikamuuliza vipi.

Unajua alifundisha lile darasa maalumu miaka ya Ujamaa, watoto wazito kuelewa. Kitabu kimoja, wote wamemzunguka mkekani. Anaonyesha picha, wanataja. Akafika kwenye lori. "Hiki nini?"

Kuna binti, Tausi, ametokea huko mlimani, tangu aletwe hajasema neno. Akainuka. Akachukua kikombe chake, akaanza kukunja mkeka, wenzake bado wamekaa! Akaenda kusimama mlangoni.

"Tausi, unakwenda wapi?"

"Si wamekuja."

Mwaisha, ndiyo sauti yake ya kwanza pale darasani. Si wamekuja!

Kwao Tausi walihamishwa na lori kupelekwa kijiji kipya. Wakapakia vyombo, watoto, kuku. Bibi yake hakuweza kutembea, wakaambiwa lori litamrudia. Halikurudi.

Tausi akamwangalia mama. "Leo na bibi atapanda?"

Mama akajibu ndiyo. Ananiambia hivyo huku anamenya ndizi, wala haniangalii. Akajibu ndiyo, Mwaisha, angesema nini?

Kesho yake Tausi alikuja shuleni na khanga ya bibi yake, kaikunja vizuri.