Mama Mkwe Amekubali, Mume Amekataa: Picha ya Shati la Marehemu

Mshauri mpendwa, nimefika njia panda, tafadhali nisikilize mpaka mwisho. Kazi yangu ni kupiga picha za arusi, lakini nyumbani napiga picha vitu ambavyo hakuna anayenituma, vyombo vilivyorundikana kwenye sinki, kitanda kabla hakijatandikwa, soksi za watoto chini ya kochi, na mama mkwe wangu ambaye tunaishi naye tangu afiwe na mumewe, sasa jumba la makumbusho linakusanya picha za maisha ya nyumbani zilizopigwa na wanawake, nikapeleka zangu, na dada anayezichagua akaipenda moja kuliko zote, ile ya mama mkwe ameinama juu ya beseni anafua shati la marehemu, shati ambalo halivaliwi na mtu lakini yeye hulifua kila wiki, hulipiga pasi na kulirudisha kabatini.

Nilimwonyesha mume wangu tukiwa tunakula. Akasukuma sahani, akainuka. Baadaye akaniambia, "Hiyo haitoki humu ndani. Watu watasema mama amechanganyikiwa."

Roho haikutulia, nikamfuata mama mkwe chumbani nikampa aitazame. Akaisogeza karibu na macho.

"Kumbe mgongo wangu umepinda hivi?" akasema, akacheka kidogo. "Ipeleke, mwanangu. Nimefua maisha yangu yote, sijaona mtu akisimama kutazama. Ila mumeo usimwambie kwamba nimekubali, atanuna."

Makumbusho wanasubiri saini yangu. Nikitia, namkosea mume, nisipotia, namkosea mama. Nifanyeje?

Mpiga Picha wa Arusi

JIBU

Dada yangu, hongera kwanza. Picha inayomwinua mwanamume kwenye chakula si ya kuchezea.

Sasa nikukaripie kidogo. Watu wazima watatu mnaingilia mlango mmoja, na mnaongea kwa zamu, mmoja akitoka ndipo mwingine aseme. Halafu jiulize, shati lile ni la nani? Ni la baba wa mumeo. Ulimhurumia mama mkwe, ukasahau kwamba mwanawe naye amefiwa. Umemwekea picha kati ya sahani, bila hata kumwandaa. Ulitaka apige makofi?

Siri ya mama usiibebe tena. Mwambie kwa upole kwamba hutatia saini kwa kujificha, aseme mwenyewe. Mkalishe mumeo karibu naye, wape picha, halafu wewe toka, nenda hata dukani, na usiwe na haraka ya kurudi. Mama aeleze kwa nini bado analifua. Huenda mwanawe hajawahi kumuuliza. Makumbusho waombe wakusubiri, picha haiozi.

Mumeo akiendelea kununa, mwache anune, mpikie na umsalimie kama kawaida. Lakini aliye kwenye picha ni mama, na neno la mwisho ni lake. Akisema ndiyo mbele ya mwanawe, tia saini siku hiyo hiyo. Akibadili mawazo, irudishe nyumbani, na usimlaumu hata kwa jicho.