Mwezi wa Vumbi la Mwaloni

Jumanne

Bado naliona lile karai. Lilipendeza, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kwenye semina ya sayansi ya anga, sisi walimu tulifundishwa kutengeneza uso wa Mwezi kwa unga wa ngano: unadondosha mawe, mashimo yanatokea. Mimi siwezi kuchezea unga mbele ya watoto ambao hawajala. Nikawaambia walete vumbi laini. Nkwimba, ambaye mama yake huosha dhahabu mwaloni, kule wanakosaga mawe ya mgodini, akaleta kopo la vumbi la kijivu, nikalimwaga kwenye karai. Mwezi mtupu! Tukadondosha mawe, watoto wakashangilia, wakainama kulipuliza.

Mwalimu Rehema akachungulia mlangoni. "Hilo si la mwaloni? Lina zebaki ya kunasia dhahabu hilo, ni sumu!"

Nikafunika karai, nikawatoa wote nje wakanawe kwa sabuni. Semina haikusema lolote kuhusu vumbi la mwaloni... lakini anayeishi hapa ni mimi, nilipaswa kujua.

Nkwimba alinawa taratibu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona nyumbani tunalala na vumbi hilo chumba kimoja?"

Nikamwambia asugue na kucha. Kengele ikalia, akarudi nyumbani.