Mkeka wa Bi Kazija

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.

Mdogo wangu mpenzi Lamya,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya Ijumaa niliipokea kwa simu, nami naiitikia tena hapa kwa wino: marahaba, Mungu akupe afya na subira. Naomba barua hii ikukute umekaa, na mguu wako uliovunjika umeuinua juu ya mto kama daktari wako alivyokuagiza. Sisi huku tu wazima, kwa uzima wa watu waliofiwa: tunakula, tunalala, tukiitwa tunaitika. Dari ya ukumbi imevuja tena kwa mvua za vuli, na jicho langu la kushoto bado lina ukungu, lakini la kulia linatosha kukuandikia.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu, ukilia mimi hunyamaza, na nikinyamaza wewe husema haidhuru, tukaagana. Haya ya leo hayafai kuagwa hivyo. Nimempa Faiza, jirani yetu, anayekuja Maskati kumwangalia bintiye, akuletee barua pamoja na mzigo mmoja uliofungwa kwa kanga. Mzigo usiufungue mpaka umalize kusoma.

Kila tukizungumza umekuwa ukiniuliza mwanao Khalil alipotea vipi katika kisiwa ambacho mtu akitoka asubuhi upande mmoja hufika upande wa pili kabla ya adhuhuri. Nimekuwa nikikujibu vipande vipande. Leo nakueleza kwa mpango, na uniwie radhi nikisema kama niliyeko darasani. Aliyefundisha jiografia maisha yake yote hawezi kusimulia njia bila ya kuanza na ardhi.

Kisiwa chetu kina nchi mbili. Upande wa magharibi, unaoukumbuka wewe, kuna udongo, migomba na minazi. Mashariki na kusini ni maweni: jiwe la matumbawe lililotoboka kama mkate wa kumimina, na juu yake kichaka cha miiba kinachomfika mtu kifuani. Maji hayakai juu, huzama. Yakizama miaka na miaka hulila jiwe kwa chini, likabaki shimo lenye mdomo mwembamba uliofunikwa na majani. Mwenyeji ana njia yake anayoijua, na haiachi.

Khalil alipokuja kututembelea alitaka kukufurahisha. Aliniambia umemwomba akupigie picha kisima cha Babu pwani ya Kijamvini, ulikokuwa ukichota maji udogoni. Nilimsihi asubiri Jumamosi niende naye, maana siku ile nilikuwa na miadi ya jicho hospitali. Akacheka kile kicheko chake unachokijua, akasema, Mjomba, mimi nnakwenda na kurudi kabla hujabanduliwa hiyo pamba jichoni, njia yote imo humu. Akanionyesha simu. Nikamwambia akifika kijiji cha mwisho ateremke, atoe salamu, aulize. Akanijibu nshasikia, Mjomba, nshasikia, akanibusu mkono, akaondoka na gari la kukodi.

Ramani ile nimeitazama mwenyewe baadaye, kwa simu ya Faiza. Sikuona uongo ndani yake, na hilo ndilo linaloniumiza. Baada ya nyumba za Kijamvini njia inagawika. Ya kulia inazunguka mbali, na ndiyo wanayopita watu. Iliyonyooka ilikatwa zamani na wachoma chokaa. Malori yao yalisaga jiwe likawa jeupe, na weupe ule ukitazamwa kutoka angani ni barabara safi. Ramani haikuambiwa kwamba chokaa haichomwi tena pale, kwamba malori yaliacha kupita, kwamba mbele ya tanuri kichaka kimerudi na kuziba kila kitu. Iliona mstari mweupe, ikaona ni mfupi, ikamshauri apite.

Gari lilipasuka gurudumu kwenye jiwe, kisha la pili. Mtu angesema hapo angerudi. Lakini simu ilimwambia pwani iko karibu, na kweli iko karibu, mawimbi husikika kutoka pale. Kwa hiyo akashika njia kwa miguu, jua la utosi, macho kwenye simu. Wakata kuni waliliona gari kesho yake, wakafuata alama za viatu vyake, wakamkuta shimoni. Walimtoa kwa kamba, taratibu, kama anayelala, wakamfunika kwa kanga za wake zao. Daktari alisema ni shingo, na kwamba hakukaa na maumivu. Hayo nilikwambia siku ile ile, na ni kweli, sikuyapamba.

Sasa nifike kwenye yale nisiyokwambia.

Siku ya hitma ya arobaini alikuja hapa nyumbani mwanamke mzee kutoka Kijamvini, Bi Kazija, ameshikwa mkono na mkwewe Rukaiya. Tulidhani amekuja kwa wema tu, maana kijiji kizima kilitusaidia. Aliketi jikoni na wanawake wenzake, akamenya vitunguu, akapakua pilau, yeye mwenyewe hakula. Watu walipotawanyika akaomba kuzungumza na mimi.

Akanieleza kwamba nyumba yake ndiyo ya mwisho, pale pale njia panda, na kwamba siku ile alikuwa kibarazani akisuka ukili wa mkeka. Gari likaja, likapunguza mwendo, kioo kikashuka. Alijua kijana atamwamkia, akaweka ukili chini ili amwitikie vizuri. Khalil hakumtazama. Alikuwa ameinua simu dirishani, na ndani ya simu sauti ya mwanamke ikamwambia anyooke mbele. Kioo kikapanda.

Rukaiya, aliyekuwa akianika nguo, akasema, Mama, yule anakwenda tanurini, mwite. Bi Kazija akamjibu amwite kwa jina gani mtu aliyempita kama gogo. "Mwache," akasema, "anaye bibi yake humo ndani anamwelekeza." Wakacheka wote wawili. Ndivyo alivyonieleza, Lamya, kwamba walicheka. Hakunificha. Alidhani kijana atafika kwenye mawe, ageuze, arudi pale na adabu zake, naye atamwonyesha njia. Hata maji ya kumpa aliyateka, akayafunika kwa kawa. Alimngojea mpaka alasiri, kisha akajiambia labda amerudi yeye alipokuwa ndani anasali.

Wewe uliondoka mdogo, pengine umesahau. Huku hatumuulizi msafiri aendako, tunaona ni kumtia kisirani. Anayetaka njia ndiye anayetoa salamu, na salamu ndiyo inayomfungua mwenyeji mdomo. Khalil hakuwa na kiburi, mimi namjua. Alizoea tu kwamba mwenye njia mkononi hana haja ya kumsumbua mtu. Na Bi Kazija si mtu mbaya. Alivunjiwa heshima kidogo, akanuna kidogo, kama tunavyonuna sote mara nyingi na hafi mtu.

Alipomaliza akanishika mkono. Akasema haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, na haki hii ni ya mama mtu. Akaniuliza kama mama wa kijana atamsamehe.

Nilipaswa kusema nitamuuliza. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeushika wangu, na Rukaiya amesimama mlangoni amejifunika uso kwa mtandio. Nikasema, Lamya ameshakusamehe. Nikaongeza na uongo wa pili, kwamba ulinitamkia mwenyewe kwa simu. Akalia kwa sauti, kisha akaenda zake mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Mimi nikabaki ukumbini na kitu ulichoibiwa wewe. Nilitoa msamaha wako bila ya idhini yako, kabla hata hujajua kwamba kuna wa kumsamehe.

Nimekwenda Kijamvini tangu siku ile, kwa njia ya kulia, baada ya kuuliza. Kisima cha Babu hakipo. Kimefukiwa kifusi, na pwani yote imezungushiwa ukuta. Sikupiga picha. Nawe usijilaumu tena kwa kumtuma, mama kutamani kuona kisima chake si kosa.

Bi Kazija siku hizi hakai kibarazani. Ameweka kigoda chake katikati ya njia panda, na kila gari asilolijua hulisimamisha kwa mkono. Madereva humcheka, wakamuuliza, Bibi, umekuwa trafiki? Naye huwajibu, naam, ndiye mimi, haya niamkie kwanza kisha nikwambie njia. Akiniona huniuliza hali yako, na mguu wako, kwa mapenzi kabisa. Mimi huangalia chini.

Mzigo uliofungwa kwa kanga ni mkeka. Ukili aliokuwa akisuka siku ile ndio uliomo. Alishindwa kuuuza, alishindwa kuulalia, mwisho akaushona akauleta uwe wako, usali juu yake. Moyo wako ukikubali, utandike, hata kama si leo. Usipokubali, una haki, wala sitakuuliza sababu. Mpe Faiza aurudishe ulivyokunjwa. Nitauchukua mpaka Kijamvini, nitatoa salamu, nitamwambia Bi Kazija kwa kinywa changu kwamba nilimpa kisichokuwa changu.

Binti yako Kulthum na wanawe wape salamu zangu. Turki wa dukani anakusalimu, kila siku ananiuliza kama umeanza kutembea. Kaburi la Khalil ni safi, nimelipandia mrehani na umeshika.

Faiza akirudi nitakwenda uwanja wa ndege mwenyewe kumpokea. Nitasimama pale wanapotokea wasafiri, na kabla ya kumuuliza habari za Maskati nitatazama amebeba nini.

Kaka yako akupendaye,
Ayoub