Hatubadilishi Hata Pigo Moja

Ighil n Tazart,
Akbou, Aljeria.
12 Februari 2009

Mpendwa Mjomba Belaid,

Habari za Lyon na baridi yake? Mgongo umepata nafuu? Huku sote wazima, ila Bibi ana kikohozi na anakataa dawa yoyote isiyokuwa mafuta ya zeituni.

Barua yako kaka Mokrane aliisomea bendi nzima mazoezini. Unasema albamu ya kwanza, ile ya magitaa ya kunguruma na maneno ya Kifaransa, ilikupa fahari, na kwamba kaka ameiharibu hii ya pili tuliyokutumia uisikie. Unataka turudie mtindo wa zamani au tutoke nyumbani kwako tunamofanyia mazoezi.

Mjomba, umemlaumu bure. Ni mimi. Kwenye simu nisingeweza kukwambia. Unajua ikilia tu najificha.

Tulimwomba Bibi atupigie dufu kwenye wimbo mmoja, kama pambo. Arezki, mpiga ngoma wetu, akaliweka juu ya hita ngozi ikaze, kisha akalisahau. Likapasuka paa!

“Ngozi hupashwa moto, we mtoto, haiokwi!” Bibi akamfokea. “Ulidhani mkate?”

Akavuta dumu tupu la mafuta, akaanza kulipiga, akatupa ubeti wa harusini, ule ambao lazima upande wa pili ujibu. Wavulana hawaujui, ni wa wanawake. Nikajibu mimi. Na mashine ilikuwa inarekodi.

Kumbe sauti ninayo! Mokrane akazima ngurumo ya gitaa lake, akatufuata polepole. Nyimbo zote tisa za albamu hii zimetokea hapo, kwa lugha yetu ya nyumbani.

Shuleni sasa wanatuita bendi ya harusi. Ijumaa tulipiga kwenye ukumbi wa vijana. Niliposhika maikrofoni, mvulana mmoja akapaza sauti, “Bi harusi yuko wapi?”

Mimi huyu, ninayeshindwa hata kuomba mkate dukani, nikamjibu, “Anavaa. Wewe umeleta zawadi gani, au umefuata kuskusi ya karamu tu?”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Huko nyuma, akina mama waliokuja kuwachunga binti zao wakapiga vigelegele.

Basi mjomba, heshima yako iko palepale, lakini nyumba tumeiacha. Tumeifagia, funguo anazo mama. Tunafanya mazoezi kwenye kinu cha zeituni cha baba yake Arezki. Kinanuka, lakini sauti inavuma vizuri. Albamu inatoka mwezi wa tatu vilevile ilivyo. Hatubadilishi hata pigo moja. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, kaka mwache.

Nisalimie mkazamjomba Ghania, na Yanis na Lydia. Mungu akunyooshe mgongo, akupe riziki isiyokusahaulisha kwenu.

Wako akupendaye, na kwa hili tu asiyekutii,
Ghenima